Vitenzi Vinavyongoja Mwisho wa Sentensi

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za vitenzi vya Kiholanzi. Lugha hii inasemwa Uholanzi, inasemwa kaskazini mwa Ubelgiji katika eneo la Flanders, na inasemwa Suriname kule Amerika ya Kusini. Watu waliolelewa nayo wanapita milioni 20. Jambo ninalolipenda katika Kiholanzi kuliko yote ni safari ya vitenzi. Vinaondoka katikati ya sentensi, vinakwenda kukusanyika mwishoni, viwili, vitatu, wakati mwingine hata sita, na huko vinajipanga kwa utaratibu ambao mtoto wa Amsterdam anaufuata bila kufundishwa na mtu, ilhali wataalamu wa sarufi wametoka jasho kuueleza.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Ana miaka miwili hivi na maneno yake bado yanahesabika. Anamwona baba kashika kitabu, anasema: "Papa boek lezen." Baba, kitabu, kusoma. Mama yake akisimulia jambo hilohilo atasema "Papa leest een boek", na kitenzi kitakaa katikati kama kinavyokaa kwetu tunaposema baba anasoma kitabu. Basi mtoto kaupata wapi mpangilio wake? Kaupata kwa watu wazima haohao, maana kutwa anawasikia wakisema "Papa wil een boek lezen", baba anataka kusoma kitabu, na "Papa gaat een boek lezen", baba atasoma kitabu. Sikio lake limeshika mkia wa sentensi: "boek lezen". Bado hajui kukipa kitenzi nafsi wala wakati, ila ameshajua kwamba kitenzi kisicho na nafsi wala wakati mahali pake ni mwishoni, nyuma ya kile kinachotendwa. Na huyo ni mtoto ambaye hata viatu hajaweza kuvaa mwenyewe.

Kiholanzi kina mahali pawili pa kuweka vitenzi. Pa kwanza ni nafasi ya pili katika sentensi kuu, na hapo hukaa kitenzi kimoja tu, kile kilichobeba nafsi na wakati. "Ik lees een boek": mimi, nasoma, kitabu. Ukitaka kuanza na "vandaag", yaani leo, kitenzi hakisogei hata kidogo. Ni "ik" anayehama kwenda nyuma yake: "Vandaag lees ik een boek". Anza na kitabu chenyewe, mambo ni yaleyale: "Dat boek lees ik vandaag". Mahali pa pili ni mwishoni kabisa, na huko hupelekwa vitenzi vyote vilivyobaki.

Tazameni sentensi hii: "Ik heb gisteren bij oma in de keuken een boek gelezen". Maana yake, jana nilisoma kitabu jikoni kwa bibi. Kitenzi kisaidizi "heb" kiko nafasi ya pili, na "gelezen", kile cha kusoma, ndicho cha mwisho. Katikati yao wamekaa jana, bibi, jiko na kitabu. Msemaji akitaka anaweza kuongeza hali ya hewa na rangi ya meza, na msikilizaji itabidi avumilie, maana "heb" peke yake haijamwambia kitu. Huenda kitabu kimesomwa, huenda kimechanwa, huenda kimepotea. Habari yenyewe inafika na neno la mwisho. Vitabu vya sarufi vya kwao huuita mpangilio huu koleo, kwa vile vitenzi viwili vimeyabana maneno mengine.

Koleo hilo linaachia pale sentensi inapogeuka kuwa kishazi tegemezi, yaani inapotanguliwa na neno kama "dat", kwamba, au "omdat", kwa sababu. Hapo nafasi ya pili haitumiki tena. Kile kitenzi chenye nafsi na wakati nacho kinakwenda mwisho kuungana na wenzake: "omdat ik een boek wil lezen", kwa sababu nataka kusoma kitabu. "Wil" na "lezen" sasa wako bega kwa bega. Huu ndio mwanzo wa msururu.

Tuujenge polepole, kitenzi baada ya kitenzi. "Zien" ni kuona. "Laten" ni kuacha jambo litendeke, au kulifanya litendeke. Ukiviweka pamoja, "laten zien", unapata kumfanya mtu aone, ambako sisi tunakuita kuonyesha. Kwa sababu nataka kukuonyesha kitabu: "omdat ik je het boek wil laten zien". Vitenzi vitatu mwishoni. Kwa sababu nilikuwa nimetaka kukuonyesha kitabu: "omdat ik je het boek had willen laten zien". Vinne. Kwa sababu ningalitaka kuweza kukuonyesha kitabu: "omdat ik je het boek zou hebben willen kunnen laten zien". Sita! Sentensi kama hii ya mwisho haisikiki dukani kila siku, lakini msomee Mholanzi, atanyamaza kidogo akiipima, kisha atakubali kwamba imesimama sawasawa.

Hapa nataka mkae nami kidogo, kwa sababu nyinyi wasemaji wa Kiswahili mna jicho zuri la kuliona jambo hili. Vile vitenzi sita, "zou hebben willen kunnen laten zien", kwetu vimekuwa maneno matatu tu: ningalitaka kuweza kukuonyesha. Vimeenda wapi vingine? Havikupotea. "Zou hebben" imeingia ndani ya silabi mbili, "-ngali-". "Willen" ni "-taka", "kunnen" ni "kuweza". "Laten zien" imekuwa neno moja, "-onyesha", ambalo ni "ona" lililorefushwa mkia. Hata "ik" na "je", mimi na wewe, wamepata nafasi humohumo, mmoja akiwa "ni-" na mwingine "-ku-". Kiswahili kinashona vipande mbele na nyuma ya mzizi mpaka neno moja linabeba sentensi nzima. Kiholanzi hakishoni, kila kipande kinabaki neno kamili, na kazi yote inafanywa na mpangilio. Ndiyo maana naamini mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza Kiholanzi hasumbuliwi na maana ya "willen" wala "kunnen". Kinachomsumbua ni kujua nani atangulie.

Na anayetangulia, katika Kiholanzi sanifu, ni yule anayemwita mwenzake. Kutaka kunaita kuweza, kuweza kunaita kufanya, kufanya kunaita kuona. Kila kitenzi kinasimama mbele ya kile kinachokitegemea ili habari yake ikamilike, na cha mwisho ndicho tendo lenyewe.

Ndani ya msururu huo kuna jambo ambalo pengine mmelipita bila kuliona. Kwa kawaida kitenzi kinachofuata "hebben" kinabadilika umbo kuonyesha kwamba tendo limekwisha, na mara nyingi kinapata "ge-" mbele: "gezien", "gelezen", "gehoord", "gewild". Nimemsikia: "Ik heb hem gehoord". Nimelitaka siku zote: "Ik heb het altijd gewild". Sasa ongeza kitenzi kingine. Nimemsikia akiimba si "gehoord zingen". Ni "Ik heb hem horen zingen". Kile cha katikati kimevua "ge-" yake na kurudi kwenye umbo la msingi, kusikia, kana kwamba hakijawahi kutendeka. Ndivyo ilivyokuwa kwa "had willen laten zien" pale juu; sarufi ya kawaida ingetutarajisha "gewild", tukapata "willen". Kuona, kusikia, kutaka, kuweza, kupaswa, kuacha, kwenda, vyote vinafanya hivyo vikiwa na kitenzi kingine nyuma yao. Hata kujifunza: mtoto wa Kiholanzi aliyejifunza kuogelea husema "Ik heb leren zwemmen", si "geleerd".

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwa vitenzi vya kukaa, kusimama na kulala. Mholanzi anayesimulia jambo linaloendelea hupenda kutaja na mwili umekaaje. Babu anasoma: "Opa zit te lezen", babu amekaa na kusoma. Mama anapika: "Mama staat te koken", amesimama na kupika. Paka kalala usingizi: "De kat ligt te slapen". Kuna na "lopen", kutembea, ambayo imezoeleka mpaka unaweza kusema "Hij loopt te klagen", analalamika, juu ya mtu ambaye pengine hajainua mguu siku nzima. Maana ya kutembea imefifia, imebaki ile ya jambo lisilokoma. Katika sentensi zote hizo kuna kineno kidogo, "te", kinachounganisha vitenzi viwili. Sasa peleka habari ya babu kwenye wakati uliopita ukitumia "heeft". "Opa heeft zitten lezen." "Te" imeondoka! Na "zitten" haikuwa "gezeten". Mambo mawili yamebadilika kwa sababu kitenzi kimoja kimeongezwa mbele. Hakuna mzazi wa Kiholanzi anayemweleza mtoto kanuni hii, wazazi wengi hata hawajui kwamba ipo, na bado mtoto anaipata.

Sasa twendeni kwa mbuzi. Katika miji mingi ya Uholanzi kuna kitu kinachoitwa "kinderboerderij", shamba dogo la watoto lenye mbuzi, kuku, sungura na pengine nguruwe, ambapo mtoto wa mjini anaingia kuwashika wanyama na kuwalisha. Tuseme nimefika hapo nikamkuta Jan anamsaidia Marie kulisha mbuzi. Nyumbani naulizwa kwa nini nina furaha. Kwa Kiswahili nitajibu: kwa sababu nilimwona Jan akimsaidia Marie kulisha mbuzi. Sikilizeni Kiholanzi:

"omdat ik Jan Marie de geiten zag helpen voeren"

Kwa sababu, mimi, Jan, Marie, mbuzi, nikaona, kusaidia, kulisha. Wametajwa wote kwanza, watu na wanyama, bila tendo hata moja. Kisha matendo yanakuja yote kwa pamoja. Msikilizaji anajuaje nani kamfanyia nani nini? Sisi tuna "akimsaidia", na ndani yake "a-" ni Jan na "-m-" ni Marie. Neno lenyewe linashuhudia. "Helpen" haisemi kitu juu ya Jan wala Marie. Ni kusaidia tu. "Voeren" ni kulisha tu. Majina nayo hayabadiliki umbo: Jan ni Jan, awe anasaidia au anasaidiwa. Kilichobaki ni mpangilio peke yake.

Wazieni mistari miwili ya wanafunzi uwanjani, mmoja wa majina na mmoja wa vitenzi. Wa kwanza katika mstari wa majina ndiye mwenziwe wa kwanza katika mstari wa vitenzi, wa pili na wa pili, wa tatu na wa tatu. "Ik" na "zag": mimi niliona. "Jan" na "helpen": Jan ndiye msaidizi. "Marie" na "voeren": Marie ndiye mlishaji, na mbuzi wako nyuma ya Marie kwa sababu ndio wanaolishwa naye. Mwongezeni bibi. Kwa sababu nilimwona bibi akimwacha Jan amsaidie Marie kulisha mbuzi: "omdat ik oma Jan Marie de geiten zag laten helpen voeren". Mimi na kuona, bibi na kuacha, Jan na kusaidia, Marie na kulisha. Utaratibu haukuvunjika.

Chukueni karatasi muiandike sentensi hiyo kwa mstari mmoja, kisha mchore kamba kutoka kila jina hadi kitenzi chake. Kamba ya "ik" inatua kwenye "zag", ya "oma" kwenye "laten", ya "Jan" kwenye "helpen", ya "Marie" kwenye "voeren". Angalieni mlichokichora. Kila kamba imekatana na zote zilizobaki.

Sasa chukueni karatasi ya pili kwa ajili ya Kijerumani, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiholanzi na nacho hupeleka vitenzi mwishoni. Mjerumani atasema "weil ich Jan Marie die Ziegen füttern helfen sah": kwa sababu, mimi, Jan, Marie, mbuzi, kulisha, kusaidia, nikaona. Vitenzi vimegeuzwa. Jina la mwisho linapata kitenzi cha kwanza, na jina la kwanza linangoja mpaka neno la mwisho. Ukichora kamba hazikatani kabisa. Moja inakaa ndani ya nyingine, ndogo ndani ya kubwa.

Ukitazama karatasi hizo mbili utasema Kijerumani ni rahisi zaidi, maana mchoro wake ni msafi. Watafiti watatu, Emmon Bach, Colin Brown na William Marslen-Wilson, walilipima jambo hilo na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1986. Waliwapa Waholanzi sentensi za Kiholanzi na Wajerumani sentensi za Kijerumani, za maana ileile, kisha wakapima jinsi zinavyoeleweka. Msururu ulipokuwa wa vitenzi viwili, hapakuwa na tofauti. Ulipofika vitatu, Waholanzi walizielewa zao kwa wepesi kuliko Wajerumani walivyozielewa zao. Kamba zinazokatana zilishinda.

Kwa nini? Jibu ninaloliona lina nguvu ni hili. Mholanzi anapofika kwenye vitenzi, cha kwanza kumfikia ni "zag", niliona, na hicho ndicho kilichobeba habari nzima: kuna mtu ameona jambo. Kisha "helpen" inaingia ndani ya habari hiyo, kisha "voeren" ndani ya "helpen". Anajenga kutoka nje kwenda ndani, na kila kipya kina mahali pa kukaa mara kinapofika. Mjerumani anaanza na kulisha. Nani alisema kuna kulisha? Kumeonwa, kumesikiwa, kumekatazwa? Hajui bado, kwa hiyo anabeba kulisha mkononi, anabeba na kusaidia, mpaka "sah" ije kumwambia kwamba vyote hivyo vilikuwa jambo lililoonwa. Akili ya binadamu haichoshwi na kamba zinazokatana kama inavyochoshwa na kubeba vipande visivyo na mahali.

Sentensi hizi zilifika mbali kuliko shamba la mbuzi. Katika miaka ya 1950 mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky alizipanga sarufi kwa ngazi kulingana na uwezo wa kanuni zake. Ngazi moja ilivutia watu wengi, wakiwemo wa kompyuta. Kanuni zake zinafanya kazi kama mabano ya hesabu: bano lililofunguliwa mwisho ndilo linalofungwa kwanza. Lugha nyingi za programu za kompyuta zimejengwa juu ya kanuni za aina hiyo. Swali likawa, je, lugha za binadamu nazo zinatosha humo? Mpangilio wa Kijerumani unatosha vizuri. Lakini mwaka 1976 Riny Huybregts wa Utrecht aliuleta mbele ya wenzake mpangilio wa Kiholanzi, ambapo kinachofunguliwa kwanza ndicho kinachofungwa kwanza, na kanuni za mabano hazina njia ya kuunganisha jina na kitenzi chake namna hiyo. Mjadala ukawaka. Kiholanzi peke yake hakikuweza kuumaliza, kwa sababu ileile tuliyoiona: majina yake hayabadiliki umbo, kwa hiyo mbishi angeweza kudai kwamba mradi idadi ya majina na vitenzi inalingana, kanuni za mabano zinatosha kuizalisha sentensi. Mwaka 1985 Stuart Shieber akaleta ushahidi wa Kijerumani cha Uswisi, ambacho nacho kina kamba zinazokatana, ila huko jina linavaa umbo moja likiwa la kusaidiwa na umbo jingine likiwa la kuachwa au kufanyishwa. Huwezi tena kuhesabu tu. Lazima wa pili aoane na wa pili, la sivyo umbo linakataa. Hapo ikakubalika kwamba kanuni za mabano hazitoshi. Ukikutana na wanaisimu wakizungumzia viboko wanaolishwa katika sentensi ya Kiholanzi, ujue ni mjadala huu. Wao wanapenda viboko, mimi nimechagua mbuzi.

Msidhani lakini kwamba mpangilio wa vitenzi vya Kiholanzi ni mmoja kila mahali. Kwenye vitenzi viwili tu, kisaidizi na kile cha tendo lililokwisha, kuna njia mbili na zote ni sahihi. Kwamba nimekisoma: "dat ik het heb gelezen" au "dat ik het gelezen heb". Waholanzi huziita njia nyekundu na njia ya kijani. Rangi hizo zilitoka kwenye ramani za lahaja za Anita Pauwels, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1953: nyekundu ni pale kisaidizi kinapotangulia, kijani ni pale kinapofuata. Mtu mmoja anaweza kutumia nyekundu asubuhi na kijani jioni bila kujua kwamba amebadilisha. Katika maandishi nyekundu ina nguvu. Midomoni mwa watu, hasa Flanders, kijani inasikika sana.

Kwenye vitatu mambo yananoga. Nchi ya Uholanzi ina mifereji kila upande, na sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo watoto wanapelekwa kujifunza kuogelea mapema na kupewa vyeti, A, B na C. Sentensi "Ik vind dat iedereen moet kunnen zwemmen", naona kila mtu lazima aweze kuogelea, mtu yeyote huko angeitamka. Watafiti wa lahaja waliitumia katika kazi kubwa iliyozaa atlasi ya sarufi za lahaja za Kiholanzi, majuzuu mawili, la kwanza mwaka 2005 na la pili mwaka 2008. Walikwenda sehemu 267, Uholanzi, Flanders na kona ya kaskazini ya Ufaransa, wakiuliza wenyeji wanasemaje.

Vitenzi vitatu, "moet", "kunnen" na "zwemmen", vinaweza kupangwa kwa njia sita, ziandikeni mhakikishe. Wapo wanaosema "moet kunnen zwemmen", na hao ndio wengi. Wapo wanaosema "moet zwemmen kunnen". Wapo wa "zwemmen moet kunnen". Na wapo wa "zwemmen kunnen moet", mpangilio uliogeuzwa kabisa, ambao ndio wa Friesland kaskazini, kwenye lugha ya Kifrisia. Hizo ni nne. Mbili zilizobaki, zile zinazoanza na "kunnen", hazikuonekana kuwa za watu wa popote. Watu wa vijiji visivyojuana, kila kimoja na namna yake, wote wamezikwepa njia mbili zilezile. Kwangu mimi hili ni jambo la kustaajabisha kuliko ramani zenyewe. Hakuna aliyepita kijiji kwa kijiji akiwakataza.

Kuna mhusika mmoja mdogo sijawatajia, naye ndiye anayezunguka zaidi. Kila mtoto wa Kiholanzi amewahi kuambiwa "Ruim je kamer op!", panga chumba chako! Kitenzi ni "opruimen", kupanga vitu vizuri na kusafisha, na kimeundwa kwa "op" na "ruimen". Katika amri hiyo "op" imeachwa mwishoni peke yake. Katika "Ik heb mijn kamer opgeruimd", nimepanga chumba changu, imerudi, lakini "ge-" imejipenyeza katikati. Sasa ingia kwenye msururu: kwa sababu nilipaswa kupanga chumba changu, na sikupanga. "Omdat ik mijn kamer had moeten opruimen." Sawa. "Omdat ik mijn kamer op had moeten ruimen." Sawa pia, "op" imeruka juu ya vitenzi viwili na kutangulia vyote. "Omdat ik mijn kamer had op moeten ruimen." Nayo inakubalika, "op" imekaa katikati ya wakubwa. Kitu pekee isichoweza kufanya ni kwenda nyuma ya "ruimen" ikiwa mwishoni mwa msururu. Na ukienda magharibi ya Flanders utasikia wenyeji wakiruhusu hata nomino nzima kuingia katikati ya vitenzi, nyumba kati ya kutaka na kununua, jambo ambalo mtu wa Amsterdam atalisikia kama kosa.

Sasa ni zamu yenu. Nawapa "oma", bibi, na "Jan". Nawapa "zag", niliona, "helpen", kusaidia, na "zwemmen", kuogelea. Andikeni: kwa sababu nilimwona bibi akimsaidia Jan kuogelea. Majina kwanza kwa utaratibu wake, kisha vitenzi kwa utaratibu uleule: "omdat ik oma Jan zag helpen zwemmen". Aliyeandika hivyo amepata. Sasa ibadilisheni iwe nimemwona, kwa kutumia "heb" badala ya "zag". Kumbukeni kwamba kuona kukiwa na "heb" mbele yake kwa kawaida ni "gezien", na kumbukeni kinachotokea kitenzi kingine kikisimama nyuma yake. Jibu ni "omdat ik oma Jan heb zien helpen zwemmen".